Dema la ami na mlango wangu

Miaka mitatu nilichonga ua lile lile kwenye milango. Yungiyungi katikati, mnyororo pembeni, juu tarehe ya Hijria. Wateja hawakulalamika, ila mkono ulikuwa unakwenda wenyewe na moyo haumo. Rafiki zangu wote walikuwa mafundi wa nakshi. Mchana tunachonga, jioni tunakaa barazani tunazungumza patasi na bei ya mbao. Kila mmoja anachungulia kazi ya mwenzake, basi sote tukawa tunarudia kitu kimoja.

Aliyenitoa hapo ni ami yangu wa Chwaka, kijiji cha pwani huku Unguja. Nilikwenda kumjulia hali nikamkuta kivulini anasuka dema, mtego wa kuvulia samaki. "Kaa, nishikie huku," akaniambia. Fito moja ya mwanzi inalala, ya pili inaikata mshazari, ya tatu inazifunga zote mbili, na papo hapo inatokea tundu ya pembe sita, bila rula wala penseli. Nikamuuliza mbona hazibani zaidi. "Vitoto vya samaki vipite, fundi. Nikivimaliza leo, kesho n'takula nini?"

Niliporudi mjini nikazichora tundu zile juu ya ubao wa mfenesi. Mbao mbili ziliniharibikia, kwa sababu kuta baina ya tundu na tundu nilizifanya nyembamba mno zikamomonyoka. Wa tatu ukakubali. Mteja aliupapasa kwa kidole, kimya, muda mrefu.

Kwa hiyo wewe uliyekwama, usikimbilie fundi mwenzako. Nenda kwa mtu anayefanya kazi usiyoijua, tena umshikie. Kutazama tu hakutoshi. Mimi dema nimeliona tangu utotoni na halikuniambia kitu mpaka nilipolishika.

Taarab yetu imekua hivyo hivyo. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba mwaka 1880, alitembeza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji. Muziki uliokuwa wa Kiarabu katika jumba la mfalme yeye akauimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Kama angebaki na wafinyanzi peke yao, au na wapiga udi peke yao, sidhani tungeupata ule uimbaji.

Siku hizi nakaa pia na bibi mmoja msuka ukili wa mikeka, ananifundisha kupanga rangi. Na Ijumaa baada ya sala narudi Chwaka. Ami ameanza dema kubwa, anataka mtu wa kumshikia.