Jengo la kale mtaani kwenu: tafuteni watumiaji kabla ya rangi

Kila mtaa wenye jengo la kale haukosi mtu wa kusema ligeuzwe makumbusho. Mi nishakaa kwenye kamati za ukarabati kadhaa na hilo wazo huwa linakuja la kwanza na mara nyingi ndo bovu kuliko yote, maana mgeni atakuja mara moja, atapiga selfi, ataondoka, na mwisho wa mwezi mlinzi anataka mshahara wake. Jengo linaishi kwa watu wanaoingia na kutoka kila siku. Kwa hiyo kabla hamjamwita mchora ramani, zungukeni muulize nani anahangaika kupata nafasi, mafundi cherehani, vijana wa studio, vikundi vya kina mama, walimu wa twisheni, halafu mpange vyumba pamoja nao. Kule Essen, Ujerumani, mgodi wa makaa ya mawe wa Zollverein ulifungwa 1986, wakauacha usimame, wasanii na wabunifu wakaanza kuutumia, UNESCO wakaja kuuorodhesha kwenye urithi wa dunia 2001, watu wameshaingia tayari.

Sasa kuta. Hapa msikubali kuburuzwa na fundi yeyote. Ukuta wa mawe na chokaa unapumua, unyevu unaopanda kutoka chini unatokea kwenye plasta na kukauka. Ukiupiga saruji unyevu unakosa njia, unabaki ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, baada ya muda unaona imevimba, ukigonga kwa kidole inalia kama debe tupu, na siku ikianguka inabandua na uso wa jiwe. Fundi atakwambia chokaa inachelewesha kazi, na ni kweli, inataka tabaka nyembamba nyembamba na kila tabaka linyunyiziwe maji lisikauke haraka. Mwache achelewe.

Paa na mifereji kwanza, rangi mwisho. Wafadhili wanapenda rangi kwa sababu inatoka vizuri kwenye picha (sijawahi kuona mfadhili anapiga picha na mfereji). Wala msitegemee hadhi: Mji Mkongwe wa Zanzibar uko kwenye urithi wa dunia tangu 2000, na bado sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la 1883, iliporomoka Desemba 2020, tena ukarabati ukiwa unaendelea.

Halafu kuna hili la kodi ya pango ambalo watu wanalikwepa. Mtaa ukipendeza, kodi inapanda na wenyeji wanasukumwa nje. New York waligeuza reli ya zamani ya juu kuwa bustani, High Line, ikafunguliwa 2009, na nyumba za jirani zikapanda bei vibaya mno. Kwa hiyo andikeni kwenye mkataba kwamba wapangaji wa mwanzo hawaongezewi kodi kwa miaka kadhaa na kwamba vyumba fulani ni vya watu wa mtaa tu. Muandike kabla ya uzinduzi, maana baada ya uzinduzi kila mjumbe ana mpwa anayetaka fremu.