Mashine ya nyasi haiwaki asubuhi? Jua kabureta yako kwanza

Kuna kaka wa Likoni kanitumia meseji juzi, ati mashine yake ya kufyeka nyasi kila asubuhi anavuta kamba mpaka bega linamuuma, ikishashika inapiga kazi mpaka jioni, na fundi ashamwambia injini imekufa anunue nyengine. Mwanangu, usinunue kitu. Tazama kwanza kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla hazijaingia kwenye injini.

Mi haya mambo yamenitoa machozi. Wakati naanza kupata kazi za Nyali, baada ya mvua za masika, nyasi zafika kiunoni, fundi mmoja alinitolea kabureta yangu ya dayaframu akanitilia ya boya, ati zote zafanana. Zafanana wapi? Ya boya ina kikombe chini, petroli inakaa humo, boya likipanda sindano inafunga, kama tangi la choo tu. Basi mashine ikiwa wima inanguruma vizuri, nikiilaza ubavu nikate ukingoni mwa ukuta, petroli inahama na injini inazima. Msimamizi wa ile ploti kasimama barazani na chai yake anacheka. Kazi akampa mwengine, na mpaka leo nikipita pale naona nyasi zimekatwa upogo, hata sisemi.

Ya dayaframu haina kikombe, ina viutando viwili, kimoja kinapiga pampu kwa presha ya injini, cha pili kinapima petroli inayoingia, ndo maana waweza kuigeuza upande wowote. Lakini kiutando kikizeeka kinakauka kinakuwa kigumu, na injini iliyolala usiku kucha inataka petroli nyingi kuliko ilioshika moto, sasa itaipata wapi? Ndo huo ugonjwa wa asubuhi. Msiniambie Mombasa hakuna baridi, chuma kilichopoa ni kilichopoa.

Kuiwasha, ya dayaframu bonyeza kile kipira cha kuvuta petroli mpaka uone imejaa, funga choki, kile kizibo cha hewa ya kabureta, vuta. Ikikohoa mara moja tu, fungua choki uvute tena. Vijana hapa ndo mnapokosea, mwaendelea kuvuta na choki imefungwa, petroli inafurika, plagi inalowa, halafu matusi kwa mashine! Sikilizeni injini jamani, haraka ya nini. Ya boya fungua koki ya petroli usubiri kikombe kijae, na ukimaliza kazi funga koki uiache izime yenyewe, manake petroli ikikaa humo inakauka yaacha oili na utomvu unaoziba jeti, kile kitundu kidogo inamopita petroli. Halafu choki, tena nasema choki, ikikohoa fungua.

Wewe kaka wa Likoni, fungua kile kifuniko cha kabureta kilichofungwa kwa skrubu, kishike kiutando, kikiwa hakijikunji kilaini nunua seti ya viutando na gasketi zake, ni rahisi kuliko kabureta nzima. Ila angalia gasketi, ile karatasi ya kuziba, ilikaa juu au chini ya kiutando kabla hujatoa, ukizigeuza haitashika hata mchana.