Km 21 za Moshi kwa mtu mwenye kitambi: ukaze au uende mdogo mdogo?

Mkuu, nimekusoma vizuri. Una miaka 43, kazi ya kukaa, kitambi kimekolea, mara ya mwisho kukimbia ulikuwa sekondari, na ofisini wamekuandikisha km 21 za Kilimanjaro Marathon, kule mjini Moshi, mwezi Februari. Mwalimu wa jim anasema kaza mpaka utapike, shemeji anasema utakuja kutufia. Unauliza umsikilize nani.

Kwenye klabu yetu ya jogging hapa Dar mimi hukaa na kundi la mkia, wale wapya, na ni miaka kadhaa sasa. Nilichokiona huko ni kwamba mgeni haumii wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza pumzi inamlinda: anahema, anashika kiuno, anasimama mwenyewe. Balaa linakuja wiki ya nne au ya tano, pumzi ikishafunguka. Moyo na mapafu huzoea mapema, misuli inafuata, ila kano na mifupa vinataka miezi. Sasa jamaa kifuani anajiona simba, huku kisigino na ugoko bado ni vya mtu wa kwenye kiti. Asubuhi hiyo kundi la kati linapita, anaona aibu kubaki na sisi, anaunga nalo. Jumamosi inayofuata anakuja na kandambili, anatazama wenzake wakinyoosha viungo.

Ndiyo maana ule ushauri wa "sikiliza mwili wako" kwa mtu mpya siuamini sana. Wiki ya tano mwili unakwambia twende, na hapo ndipo unapotakiwa kuukatalia. Panga ratiba mapema, uifuate hata siku unayojisikia vizuri. Hasa siku hiyo.

Kuhusu huyo mwalimu wako wa kutapika: kuna kijana mtaani kwetu, mzima tu, hakuwa na presha wala sukari, alipigishwa kichurachura kuzunguka uwanja siku yake ya kwanza. Keshokutwa yake mapaja yamevimba, hawezi kukaa chooni, mkojo umekuwa mweusi kama Coca-Cola. Alilazwa, akatundikiwa dripu nyingi. Misuli ikilazimishwa ghafla kiasi hicho, inavunjika na kumwaga vitu kwenye damu ambavyo figo zinashindwa kuvichuja. Ukiona mkojo wa rangi hiyo baada ya mazoezi, usinywe Panadol ukalala. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuna mdau kwenye mjadala huu kamtaja mzee wetu John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa Tanzania aliyeanguka akaumia goti Mexico City mwaka 1968 na bado akamaliza marathon. Namheshimu kuliko nyinyi wote, lakini tusimtumie vibaya. Miaka 2 baadaye, Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, yule yule alimaliza wa 5 kwa saa 2 na dakika 15. Huo ni mwili uliokuwa umejengwa kwa km nyingi kabla ya lile goti. Kujikaza kwake kulikuwa na akiba. Wewe na mimi akiba yetu iko tumboni.

Sasa cha kufanya. Kwanza kapime presha na sukari, hata zahanati ya mtaani wanapima. Ukiwa mazoezini ukahisi kifua kinabana, maumivu yanapanda taya au mkono, au kizunguzungu, hapo unasimama, hakuna mjadala. Halafu anza siku 3 kwa wiki, ukipishanisha: kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mpaka nusu saa. Mwendo uwe ule unaoweza kupiga soga. Ukianza kujibu kwa kichwa, punguza. Na jioni nyanyuka kwa vidole vya miguu ukiwa umeshika ukuta, ushuke polepole, kwa ajili ya kano ya kisigino. Watu wanalidharau sana hili zoezi kwa sababu halitoi jasho.

Misuli ikiuma miguu yote miwili, kesho yake au keshokutwa, hayo ni ya kawaida, tembea tu yatapungua. Maumivu unayoweza kuyanyooshea kidole kimoja, sehemu moja, mguu mmoja, na yanazidi kadiri unavyokimbia, hayo hayakazwi.

Siku ya kukaza ipo, sikatai. Ukimaliza miezi 3 au 4 bila kuumia, weka siku 1 kwa wiki ya kukimbia kwa nguvu, kifupi. Na kuna wale wanaotembea dakika 10 kisha wanaagiza chipsi mayai, hao nao tuwaambie ukweli: hiyo haitoshi.

Ila Moshi Februari, badilisha uandikishaji uende km 5. Zile 21 unapanda kuelekea Mweka karibu nusu nzima, kisha unateremka, na mteremko ndio unaochana mapaja ya mtu mpya. Mwakani ziko palepale.

Uliuliza pia kuhusu viatu vya mtumba. Vinafaa, mimi mwenyewe navaa vya soko la Karume. Bonyeza sponji ya ubavuni kwa dole gumba: ikiwa imekakamaa haibonyei, acha hata kama juu kinang'aa. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma, kisigino kikilalia upande mmoja ujue mwenye nacho wa kwanza alishakimaliza. Na chukua kinachozidi kidogo mbele, unene wa dole gumba, maana mguu huvimba ukikimbia kwenye joto hili.