Mohamed, Muhammad na Kabati la Tatu

Wiki hii mmeuliza: ni mradi gani wa serikali wa kuwapa ajira wasio na kazi ulioacha kitu cha maana? Najua wengi watataja barabara na mabwawa. Mimi, niliyekula vumbi la masijala miaka 19, nataja mradi wa makaratasi: Historical Records Survey ya Marekani, iliyoanza mwaka 1935 chini ya WPA, lile shirika la ajira la Rais Roosevelt, ikiongozwa na Luther Evans.

Uchumi ulikuwa umeporomoka, makarani na walimu wako vijiweni. Wakapelekwa kwenye ofisi za kaunti, wakashuka vyumba vya chini na kupanda darini, wakaorodhesha kila daftari walilolikuta: la nini, la kuanzia mwaka gani hadi gani, liko wapi. Hilo la "liko wapi" msilidharau. Jalada lisilojulikana lilipo halina tofauti na lililoungua.

Lakini kilichonikuna zaidi ni kazi nyingine ya WPA, ile ya faharasa ya sensa. Sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935 iliahidi pensheni kwa waliofikisha miaka 65, na wazee wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Basi makarani wakapekua sensa ya 1880, wakaandika kadi kwa kila kaya yenye mtoto wa miaka 10 kushuka chini, maana watoto hao ndio sasa walikuwa wanaingia uzeeni. Kadi zilipangwa kwa sauti ya jina, si kwa tahajia: herufi ya kwanza, kisha tarakimu tatu zinazosimamia sauti za konsonanti zinazofuata. Nikajaribu na majina yetu. Mohamed, Mohammed, Muhammad: yote M530! Kwenye masijala yangu hayo yalikaa makabati matatu mbalimbali, na mzee mmoja tulimrudisha mara nne akifuatilia mirathi ya kaka yake, kumbe faili liko kabati la tatu, kwenye "Muhammad". Mara ya nne nilimrudisha mimi mwenyewe.

Lawama zipo. Vita vilipopamba moto fedha zikaenda huko, na mwaka 1943 WPA ikafungwa. Orodha nyingi zilikuwa bado hazijachapishwa, na baadhi ya makaratasi ya waorodheshaji hao, baada ya jasho lote lile, yalitupwa.