Usilipie hiyo chupa Jumamosi kabla hujaitia maji ya moto

Mleta mada, hiyo hela usiitoe. Nimeiona picha uliyoweka: chupa nyeusi ya chuma, lita moja, stika ya fedha ya "24H" tumboni (eti inatunza joto masaa 24), na muuzaji wa Kariakoo amekuahidi kukuwekea mpaka Jumamosi. Hiyo hiyo, au pacha wake, ninayo mimi. Sasa hivi iko jikoni imejaa dengu, na dengu hazijawahi kulalamika.

Umesema unapanda Kilimanjaro mwezi wa tisa kwa njia ya Machame na unataka chai ya moto usiku wa kwenda kileleni. Nilipanda kwa njia hiyo hiyo, na chupa hiyo hiyo, na akili hiyo hiyo uliyonayo leo. Kwa hiyo nisamehe kama naandika kwa hasira, sina hasira na wewe.

Nilipoinunua, jamaa wa dukani aliniambia, "Bosi, hii orijino, wanajeshi wa Ulaya ndiyo wanabeba hizi." Sikumuuliza jeshi gani. Na kabla sijafika kwake nilikuwa nimeshasoma humu humu mdau mmoja, anajijua, aliyeandika kuwa chuma ni chuma, beba yoyote, tofauti ni majina tu. Mkuu, kama bado upo, hebu nijibu: umewahi kunywa chai mahali penye baridi kuliko ofisi yenye kiyoyozi?

Na msidhani sikuijaribu. Nilitia chai asubuhi, nikaenda nayo kazini Posta, saa saba mchana nikafungua, ya moto moto hivi. Nikafurahi, nikapiga na picha. Nilichosahau ni kwamba ilikuwa Dar, mwezi wa pili, nje nyuzi 32. Dar kwa mwezi ule hata kikombe ulichokisahau mezani hakijui kupoa. Jaribio langu lilikuwa kama kupima mwavuli wakati wa kiangazi.

Sasa njoo Barafu. Ndiyo kambi ya mwisho, mita kama 4,670, na mnaondoka saa sita usiku. Saa tano na nusu mpishi akanijazia chai ya tangawizi kutoka jikoni, inatokota. Nikafunga, nikaishika kwa mikono miwili. Ilikuwa na joto zuri sana. Nikaitia kwenye begi upande wa mgongoni, nikasikia joto linapenya jaketi mpaka kwenye uti wa mgongo. Nikamwambia mwenzangu, "Aisee, chupa hii ni kiboko, inanipasha mpaka mgongo."

Umeelewa nilichosema hapo? Soma tena kama hujaelewa. Ile ilikuwa chai yangu inatoka. Joto nililolipia likae ndani lilikuwa linahama kupitia ubavu wa chupa, na mimi najisifu. Kwa nusu saa ya kwanza nadhani hakuna mtu mlimani aliyekuwa na raha kama yangu.

Saa nane usiku tukapumzika, nikamimina: vuguvugu. Nikajipa moyo kuwa nimefungua mapema. Saa kumi nikamimina tena, kama maji ya mtungi. Upepo unapiga, na kule juu usiku huwa nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri. Chupa ya maji ya kawaida niliyoiweka mfuko wa pembeni ilikuwa imeganda mdomoni, haifunguki. Kwa hiyo kilichobaki cha kunywa ni chai ya baridi, na kila nikimeza funda natetemeka zaidi, nikaacha kunywa kabisa. Kule juu ukiacha kunywa, kichwa kinaanza kukudai.

Muongozaji wetu akaichukua ile chupa, akaipapasa, akacheka. "Kaka, hii siyo chupa ya chai. Hii ni ndoo yenye kifuniko." Akatoa ya kwake, kuukuu, rangi imebanduka yote, kifuniko kimezungushiwa utepe wa umeme. Akanimiminia nusu kikombe. Iliniunguza ulimi, na sijawahi kushukuru kuungua kama siku ile. Lakini nusu kikombe ni nusu kikombe, na yeye alikuwa na watu wanne wa kuwaangalia.

Nilifika Stella Point, pale ukingoni mwa kreta, jua linachomoza. Kutoka pale mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895, imebaki kama saa moja ya mwinuko mdogo tu. Nikageuka. Sisemi kwamba chai peke yake ingenifikisha, kuna waliokunywa ya moto na bado wakarudi kabla yangu. Nasema tu kwamba nilipewa cheti cha Stella Point, na shemeji yenu mpaka leo ananiita Baba Stella, na hatuna mtoto anayeitwa Stella.

Basi sheria yangu ni moja, nimeilipia, nakupa bure: chupa ya chuma usiinunue mpaka uitie maji yanayotokota hapo hapo dukani, uifunge, usubiri dakika kumi, kisha uishike tumboni na kitakoni. Ikiwa na joto, rudisha. Ikiwa ya baridi kama ilivyotoka kwenye boksi, hapo tunaweza kuongea bei. Shingoni na kwenye kifuniko usipahesabu, maana pale kuta mbili za chuma zinakutana, kwa hiyo hata chupa nzima kabisa itapata joto kidogo. Na usiipimie juani, utajidanganya.

Sababu ni rahisi. Chupa ya chai ni kuta mbili, na katikati hewa imenyonywa. Pasipo na hewa joto halina cha kupandia. Yule Mskoti aliyeibuni, James Dewar, mwaka 1892, hata hakuwa anawaza chai, alikuwa maabara anatunza gesi alizozipoza mpaka zikawa kimiminika. Biashara ya chai waliiona Wajerumani. Sasa hizi za kwetu nyingine zina kuta mbili kweli, ila katikati kuna hewa kama kawaida. Nyingine hewa ilinyonywa vizuri, zikaangushwa njiani, kiungo kikapata ufa usioonekana kwa macho, hewa ikarudi. Kwa nje zote zinafanana, stika zinafanana, na bei zinafanana. Ndiyo maana jina la kampuni peke yake silikubali. Pima ile ile utakayoondoka nayo, siyo ya kuonyeshea.

Maji ya moto utayapata wapi Kariakoo? Mama lishe yuko kila kona, mpe mia tano na umwombe vizuri. Muuzaji akigoma kupimiwa, ameshakujibu. Mimi kwenye chupa ya pili, niliyonunua baada ya ile ya dengu, nilifukuzwa maduka mawili. La tatu mzee akavuta kiti, akaniambia kaa, akanitolea birika lake mwenyewe.

Ukishafaulu dukani, nyumbani itie maji saa nne usiku, fungua saa kumi na mbili asubuhi. Inatakiwa bado uogope kuyanywa kwa pupa. Masaa ya kwenye stika usiyategemee, kwa kawaida yanapimwa ndani ya chumba, na maji yaliyoanza karibu na nyuzi 100. Barafu maji yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi, kwa sababu ya urefu ule. Yaani chai yako inaanza safari ikiwa imeshapungukiwa, hata mpishi akiichochea saa nzima.

Pia ipashe kwanza: tia maji ya moto, funga dakika tano, toa, ndipo utie chai mpaka juu kabisa. Ila maji hayo usiyamwage, yarudishe sufuriani. Barafu hakuna maji, wagumu, yaani wapagazi, wanayabeba kichwani kutoka kambi ya Karanga. Mimi nilimwaga, na jinsi yule kijana alivyoniangalia sijasahau.

Ya kioo? Inatunza joto vizuri sana, ya mama yangu yenye maua mekundu ina miaka kuliko mdogo wangu. Mlimani usithubutu, ikigonga jiwe mara moja utakunywa vigae. Lita moja sawa, ndogo zinapoa haraka. Ya kubonyeza waachie wenye harusi. Maziwa usitie, yatachachia humo na mpira wa kifuniko utanuka mpaka Mweka, kwenye lango la kushukia.

Uliuliza na viatu, na begi, na kitu gani tena kuhusu dawa za mwinuko... wengine watakujibu, mimi kichwa changu kiko kwenye chupa.

Kama ulishamwachia advansi, nenda kesho asubuhi na uombe kuipima. Ukitoka hapo urudi kwenye uzi utuambie kitako chake kilikuwaje.