Nani anashika foleni nyumbani kwenu?

Baba alikwenda Vita vya Kagera, dhidi ya Idi Amin wa Uganda, akiwa mgambo, mwishoni mwa 1978. Alirudi salama, Manzese tukampikia pilau. Shida ilitukuta baadaye.

Rais wetu, Mwalimu Nyerere, alituomba tufunge mkanda miezi 18. Miezi ikapita, mkanda haukulegea. Fedha za kigeni zilikuwa zimekwenda vitani na kwenye mafuta. Unga, sukari na sabuni vikawa vya kupanga foleni. Tulikula ugali wa yanga, unga wa mahindi ya njano. Kila alfajiri ilibidi mtu awahi duka la kaya, lililogawa bidhaa za mgao, na mama alikuwa na kichanga. Akaenda dada. Alikuwa darasa la tano, ndiye aliyenifundisha kuzidisha. Mimi nilikuwa la tatu, wa kiume, sikuguswa. Hakuna aliyemwambia aache shule. Alichelewa Jumatatu, akakosa Alhamisi, akachapwa kwa utoro, akaona aibu kurudi. Hiyo ilikuwa 1981.

Bidhaa ziliporudi madukani dada alikuwa ameshaolewa. Vikao vya wazazi hakuhudhuria. Alisema yeye si mtu wa kuongea na walimu. Binti yake alipoanza kukosa kidato cha pili ili auze vitumbua, dada hakuona msiba. Kwake, hivyo ndivyo mtoto wa kike anavyoiokoa nyumba.

Ndiyo maana familia ikiniambia imepokea ndugu waliokimbia vita Kongo, au imefiwa na mtafutaji, nauliza kwanza: nani anashika foleni? Nani anachota maji, anakaa gengeni, anambeba mdogo? Akiwa ni mtoto yule yule kila siku, gawaneni zamu leo, wavulana wakiwemo. Chakula kikiwa haba, wa miezi sita hadi miaka miwili apate dagaa, yai au maharage kwanza, maana udumavu, yaani kutokukua ipasavyo, wa umri ule ni mgumu mno kuurudisha. Mwoneni mwalimu mkuu kabla jina halijaandikwa kwenye utoro. Aliyepitwa na umri wa kuanza shule ana MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa; aliyeishia la saba ana QT, mtihani wa kumwezesha kujisajili kwa mtihani wa kidato cha nne akiwa nje ya shule; na tangu Novemba 2021 hata binti aliyeacha kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi shule ya serikali.

Mpwa wangu nilimpeleka mwenyewe kusoma QT, jioni baada ya vitumbua. Wiki ya pili dada alikuja, akakaa kwenye benchi nje ya darasa na chupa ya maji ya binti yake, akasubiri mpaka kipindi kikaisha.