Skimu ya kundi si kundi moja
Mdogo wangu wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), umeuliza kama skimu ya kundi ni kundi la kawaida (seti ambamo unaunganisha vitu viwili kupata cha tatu, na kila hatua inaweza kurudishwa nyuma) lililovikwa jiometri. Umekaribia. Ione kama mashine: uipe ringi yoyote (mfumo wa kujumlisha, kutoa na kuzidisha, ambamo ab = ba), ikurudishie kundi, na ukihama ringi makundi nayo yanafuatana. Chukua mashine inayotoa majibu ya x² = 1. Kwenye namba kamili unapata 1 na −1, kundi la kuzidisha. Nenda kwenye fildi (ringi ambamo unaweza pia kugawanya kwa chochote kisicho sifuri) ambamo 1 + 1 = 0: linabaki 1 peke yake, utadhani limekufa. Wapi! Ongeza e isiyo sifuri ila e² = 0, kisha piga (1 + e)². Inatoka 1, maana e + e = 0 na e² = 0. Kumbe kuna kitu kilijificha humo, na fildi haikioni. (Mimi nilielewa hilo nikisubiri daladala Jamatini, si darasani.)